Mtazame Asiye na Mpira

Kamera ya runinga ni mtumwa wa mpira. Mpira ukipigwa, kamera inaufuata. Ukivuka wavu, inaufuata. Na mtazamaji aliyeketi hotelini Myanga, Bungoma, kikombe cha chai mkononi, naye macho yake yamefungwa kamba yanavutwa huko huko. Katika tenisi ya mchezaji mmoja kila upande hapotezi kitu. Katika tenisi ya wachezaji wawili kila upande anapoteza nusu ya mchezo, tena ile nusu nzuri. Kila mpira unapopigwa, wachezaji watatu kati ya wanne hawaugusi. Jozi nzuri hujulikana kwa kile wanachofanya wasiougusa.

Bungoma na Kitale si nchi ya tenisi, na hakuna haja ya kujidanganya. Hapa ni mahindi, miwa, mpira wa miguu na voliboli. Lakini voliboli ndiyo mlango. Mtu aliyewahi kusimama pembeni mwa uwanja kuwatazama wasichana wa shule ya Lugulu wakicheza voliboli anajua tayari kwamba anayepiga mpira wa mwisho ndiye anayeshangiliwa, ila pointi ilipikwa na mwingine kabla yake. Jicho hilo ndilo linalotakiwa. Lililobaki ni kulihamishia kwenye uwanja mwingine.

Uwanja wenyewe kwanza. Urefu wake ni mita 23.77, uwe wa mmoja mmoja au wa wawili wawili. Upana ndio hubadilika: mita 8.23 kwa mchezaji mmoja, 10.97 kwa jozi. Nyongeza ni kichochoro cha mita 1.37 kila upande. Hesabu hiyo ina mtego ndani yake. Watu wameongezeka maradufu, nafasi imeongezeka kwa theluthi tu. Nguvu peke yake haitoshi tena, kwa sababu mahali pa kupitisha mpira pamebanwa. Na wavu haulingani kimo: kwenye nguzo ni mita 1.07, katikati ni sentimita 91 tu. Njia ya chini kabisa, iliyo salama kabisa, inapita katikati, baina ya wachezaji wawili wanaocheza upande mmoja.

Basi jaribio la kwanza la mjuzi ni mpira wa katikati. Jozi mbovu huusindikiza kwa macho, kila mmoja akimwachia mwenzake, kisha wanatazamana. Jozi ya wastani huamua kwa kupiga kelele, “Wangu!” Jozi iliyopikika haisemi neno. Mmoja ameshanyosha raketi na mwenzake ameshasogea kuziba pengo analoliacha, vyote kwa wakati mmoja. Aliyekulia vijijini Bungoma ameuona ustadi huo mara elfu: wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja, mchi mmoja ukipanda mwingine ukishuka. Hata aliye nyuma ya nyumba, asiyewaona, anaweza kusema kwa mlio tu kama wamezoeana au wamekutana leo asubuhi.

Mfano ulio karibu na Wakenya ni wa Julai 2022, Wimbledon, katika fainali ya jozi za wasichana chipukizi. Angella Okutoyi, binti wa Nairobi aliyelelewa na nyanya yake, alicheza na Mholanzi Rose Marie Nijkamp dhidi ya Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Wazazi wa Mboko wanatoka Kongo, kwa hiyo damu ya Afrika ilikuwa pande zote mbili za wavu. Okutoyi na Nijkamp walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, kisha wakashinda pointi za kuamua, zinazochezwa badala ya seti ya tatu, 11-9. Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la chipukizi la Grand Slam, yaani mojawapo ya mashindano manne makubwa ya tenisi.

Matokeo hayo yafaa kusomwa mara mbili. Ukijumlisha gemu za seti mbili za kwanza, walioshindwa walipata 10 na mabingwa 9. Mwishoni tofauti ilikuwa pointi mbili. Anayepima ubora kwa matokeo pekee angetamka kwamba jozi hizo zililingana, na asingekosea sana. Ndiyo maana mjuzi hupima kwa vitu vingine.

Kitu cha kwanza ni seve, yaani pigo la kuanzisha pointi, na hapa wengi hupotea. Wanatazama kasi. Katika mchezo wa jozi, seve kali inayotua popote ina thamani ndogo kuliko seve ya wastani inayotua pale mwenzako alipoiomba. Seve ikielekezwa kwenye mstari wa katikati, mrudishaji hana pembe. Mpira wake utapita karibu na mchezaji aliyesimama wavuni, naye ataukata. Seve ikielekezwa pembeni, kichochoro kinafunguka, na aliye wavuni lazima akilinde. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: je, mchezaji wa wavuni alianza kusogea kabla ya kuona seve imetua wapi? Akisogea mapema na kwa usahihi, wawili hao walikubaliana. Akisubiri kuona, kila mmoja anacheza tenisi yake, ila wamevaa nguo zinazofanana.

Makubaliano hayo hufanywa kwa mkono nyuma ya mgongo. Aliye wavuni huficha kiganja kiunoni, anafumba ngumi au ananyosha vidole, na anayeseve anasoma: nitavuka, sitavuka, peleka katikati. Wapenzi wa voliboli ya ufukweni wanaijua lugha hiyo. Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi, jozi ya kwanza ya Kenya kucheza voliboli ya ufukweni kwenye Olimpiki, waliizungumza Tokyo mwaka 2021. Jozi nyingine za tenisi huzidisha hila: mchezaji wa wavuni huchutama karibu kabisa na mstari wa katikati, kichwa chini ya kimo cha wavu, na mrudishaji hajui ataibukia kushoto au kulia. Mtindo huo unapendeza kuutazama, lakini usimpe mtu alama kwa kuchutama tu. Mpe alama kama mrudishaji alibadilisha nia yake.

Na hapa ndipo penye utamu wenyewe: kunyakua. Mchezaji wa wavuni anakatiza mbele ya mwenzake na kuupiga mpira ambao haukuwa wake. Wanyakuzi wapo wa namna mbili. Wa kwanza hukimbia sambamba na wavu. Anaufikia mpira ukiwa umeanza kushuka, anauinua, na mpinzani anapata nafasi ya kuishi. Wa pili hukimbia kimshazari, akiukaribia wavu kila hatua, anaukuta mpira ungali juu na kuupiga kwenda chini, miguuni mwa adui. Tofauti ya njia hizo mbili ni hatua moja au mbili za mguu, na inatenganisha mchezaji wa kilabu na bingwa.

Afrika imewahi kuwa na bingwa wa sanaa hiyo. Cara Black wa Zimbabwe ana kimo cha sentimita 167, kifupi mbele ya wachezaji warefu wa leo. Alifundishwa pamoja na kaka zake, Byron na Wayne, na baba yao Don Black kwenye viwanja vya nyasi alivyovitengeneza nyumbani karibu na Harare. Nyasi hazina huruma. Mpira hauruki juu, unateleza, na mtoto anayekulia hapo hujifunza kuukamata kabla haujagusa chini. Black alishinda Wimbledon mwaka 2004 akiwa na Rennae Stubbs wa Australia, akashinda tena 2005 na 2007 akiwa na Liezel Huber, na akakaa wiki 163 kileleni mwa orodha ya dunia ya mchezo wa jozi. Anayetaka kufundisha jicho lake atafute mkanda wa mechi zake, aitazame raketi yake kabla mpira haujafika. Iko juu, mbele ya kifua, imetulia. Mchezaji anayeshusha raketi mapajani akiwa wavuni amechelewa hata kabla ya pointi kuanza.

Kurudisha seve ni kazi isiyo na makofi, na pengine ndiyo ngumu kuliko zote. Mrudishaji anatakiwa kumkwepa mnyakuzi, kuupitisha mpira juu kidogo tu ya wavu, na kuutua miguuni mwa anayekuja. Hsieh Su-wei wa Taiwan, bingwa wa jozi wa Wimbledon mara nne, hushika raketi kwa mikono miwili pande zote mbili, na mipira yake mingi haina kasi ya kutisha mtu. Mmoja unadondoka tu, mwingine unapanda juu ya kichwa cha aliye wavuni na kutua nyuma yake. Mtazamaji mgeni huona mipira myepesi. Mtazamaji aliyezoea huwaona wapinzani wawili wakigeuka kwa pamoja, migongo kwa wavu, wakikimbilia kona moja, na anajua pointi imekwisha ingawa mpira bado uko hewani.

Huo mpira wa juu una jaribio lake dogo. Ukipita juu ya kichwa cha mchezaji wa wavuni, mwenzake wa nyuma huukimbilia; je, yule wa wavuni anafanya nini? Akibaki alipo, upande mzima umebaki wazi. Akivuka kwenda upande wa pili na kurudi nyuma, wameelewana. Itazame miguu yake. Macho ya wengine wote yako mawinguni, hakuna atakayekuona ukichungulia.

Kuhusu mchezaji bora wa mmoja mmoja kuwa bora pia kwenye jozi, ushahidi unagombana wenyewe kwa wenyewe. Venus na Serena Williams walifika fainali 14 za Grand Slam pamoja na kushinda zote 14, na hawakuwa watu wa kusafiri mwaka mzima wakicheza jozi. Seve zao na urejeshaji wao vilitosha kuvunja mlango. Kwa upande mwingine, Wacheki Barbora Krejčíková na Kateřina Siniaková, waliojuana tangu utoto wa tenisi, walitwaa Australia, Wimbledon na Marekani katika mwaka huo huo wa 2022, kisha watu wakabaki kusimulia jinsi walivyobadilishana nafasi. Ubingwa wa akina Williams ulikuwa wa silaha; wa Wacheki ulikuwa wa mpangilio. Mwenye haki anaheshimu vyote viwili, lakini anayetaka kujifunza atajifunza zaidi kwa Wacheki, maana silaha ya Serena haifundishiki.

Martina Navratilova na Pam Shriver walikuwa na vyote. Kati ya 1983 na 1985 walicheza mechi 109 mfululizo bila kushindwa, na mwaka 1984 wakakusanya mataji yote manne makubwa. Mmoja wa mkono wa kushoto, mwingine wa kulia. Hilo lina faida isiyoonekana kwenye runinga: jua linalomchoma macho anayeseve kwa mkono wa kulia humwacha kwa amani anayeseve kwa kushoto katika upande ule ule wa uwanja. Kitale, ambako jua la saa nane mchana halina mzaha, hoja hiyo haihitaji maelezo.

Msikilize mwamuzi pia. Katika mashindano ya kawaida ya wanawake wa kulipwa, gemu ikifika sare ya 40, inachezwa pointi moja tu ya kuamua, na jozi inayopokea ndiyo huchagua nani arudishe seve. Seti zikiwa moja kwa moja, ya tatu haichezwi. Wanakwenda hadi pointi 10. Grand Slam za wanawake wakubwa bado hucheza seti ya tatu kamili. Pointi ya kuamua ni dirisha zuri. Jozi zinazoelewana huchagua mrudishaji kwa kutupiana jicho tu. Zisizoelewana hujadiliana, na mara nyingi jina kubwa ndilo linalopewa kazi, hata kama siku hiyo mkono wake umelala.

Kuna mambo yasiyostahili alama hata moja, ingawa kamera inayapenda. Kugonganisha viganja baada ya kila pointi ni desturi, si mapenzi. Jozi zinazochukiana hugonganisha viganja vizuri tu. Kupiga mpira wa juu kwa kishindo hadi ukaruka jukwaani si ustadi, kwa kuwa mpira huo ulikuwa umeshinda kabla ya kupigwa. Sifa ni ya aliyeulazimisha uje mwepesi vile, na mara nyingi ni mwenzake, mapigo mawili nyuma.

Kuona haya yote kwa macho si lazima kupanda ndege. Juni 2023 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa kundi la tatu la Afrika la Kombe la Billie Jean King, mashindano ya wanawake ya timu za nchi, ambamo kila pambano huwa na mechi mbili za mmoja mmoja na moja ya jozi. Nchi zikigawana mbili za kwanza, jozi ndiyo huamua. Mashindano ya aina hiyo yakirudi, atakayepanda basi kutoka Bungoma asinunue kiti cha ubavuni kwenye mstari wa wavu, wanakokaa wageni wa heshima na kugeuza shingo kama feni. Akae nyuma ya anayeseve, juu kidogo. Kutoka hapo atauona mkono uliofichwa mgongoni, atakiona kichochoro kikifunguka na kufungwa, na atamwona yule wa wavuni akiinua kisigino cha kwanza wakati mpira wa seve ungali mkononi mwa mwenzake.