Joginder Singh na Ufundi wa Kulifikisha Gari

Joginder Singh alikuwa makanika kabla ya kuwa dereva, na umakanika huo ndio ulioweka msingi wa sifa zake zote. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akafia London mwaka 2013. Kati ya 1959 na 1980 alishiriki Safari Rally mara 22, na mara 19 alifika mwisho. Alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, na Wakenya wakamwita Simba wa Kenya. Watu hukumbuka zaidi ule ushindi, lakini hesabu ya 19 ina uzito kuushinda. Safari ya zama zake ilikuwa ya maelfu ya kilomita, ilifanyika wakati wa Pasaka masika yakiwa yamewadia, na barabara hazikufungwa kwa ajili ya mashindano: dereva alipishana na malori, mabasi na mifugo. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu.

Ufundi aliupata nyumbani. Baba yake alikuwa na gereji, na Joginder, kifungua mimba wa familia yenye watoto wengi, alishika spana humo tangu ujana. Kazi hiyo ilikuwa ya ukoo mzima, na mbio nazo zikawa za ukoo. Ushindi wa 1965 aliupata akiwa na mdogo wake, Jaswant, aliyekaa kiti cha mwelekezi. Gari lao lilikuwa Volvo PV544, lenye umbo ambalo wakati huo lilikwisha kuonekana la kizamani, na tayari lilikuwa limepita katika mashindano mengine. Walilitayarisha, wakaondoka wa kwanza kwenye mstari, na wakawaacha wengine kwa zaidi ya saa moja. Mwaka 1974 alishinda tena kwa Mitsubishi Lancer yenye injini ndogo, akamtangulia Björn Waldegård wa Sweden aliyekuwa na Porsche 911. Miaka miwili baadaye Lancer zilishika nafasi zote tatu za kwanza, ya Joginder ikiwa mbele.

Undani wa ufundi huu unaeleweka vizuri zaidi njiani kuliko katika orodha ya washindi, na Kaunti ya Kilifi, huko Pwani ya Kenya, ina karibu kila aina ya njia inayoupima. Kandokando ya bahari, kutoka Kilifi hadi Watamu na Malindi, chini ya mchanga kuna jiwe la matumbawe ambalo hukata tairi ubavuni. Anayepita juu yake huchagua mahali pa kukanyagia, wala hasogei pembeni ovyo kukwepa shimo. Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke mchanga mweupe hubadilika kuwa udongo mwekundu. Kwenye mchanga laini upepo wa tairi hupunguzwa ili zitanuke, na mguu hukaa kwenye mafuta bila kushtuka, maana gari likisimama hapo huanza kujizika. Kuelekea Ganze na Bamba barabara hujaa mawimbi ya vumbi gumu. Mwendo wa polepole hulitikisa gari lote. Mwendo wa kasi hulipitisha juu ya vilele vya mawimbi, lakini shokomzoba huchemka na kupoteza nguvu, kwa hiyo dereva hana budi kujua lini alegeze. Kaskazini ya Malindi, mto Sabaki hushuka na matope mekundu hadi baharini, na mvua ikinyesha bonde lake huwa tope la kunata. Maji yakiingia kwenye mfumo wa umeme wa injini, gari huzimika, na asiyejua kufungua, kukausha na kufunga upesi hubaki hapo.

Makanika aliyeko usukani husikia mapema. Sauti ya beringi inayoanza kulia, harufu ya klachi, usukani unaovuta upande mmoja: kwake hizo ni habari kamili, naye huamua kupunguza mwendo kwa kilomita kumi ili asipoteze saa mbili. Uamuzi wa namna hiyo haupigiwi makofi na watazamaji walio kwenye kona, lakini ndio uliomfikisha Joginder mwisho mara 19.

Mbio za magari nchini Kenya zimeendelea kurithishwa nyumbani. Mwaka 2022 vijana watatu Wakenya, McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome, waliingia mashindano ya dunia ya vijana. Kimathi ni mwana wa Phineas Kimathi na Anwar ni mwana wa Azar Anwar, na baba hao wote wawili ni madereva wa zamani. Inapendeza kuona baba akimpa mwana usukani. Hata hivyo gari la mbio ni ghali, na asiye na baba wa namna hiyo hubaki kando ya njia akitazama vumbi.

Kilifi haina sababu ya kubaki hivyo. Mwaka huohuo wa 2022, mbio za magari ya zamani za East African Safari Classic zilimalizikia Watamu, na mshindi alikuwa Mkenya, Baldev Chager, kwa Porsche 911. Shirika la Moving the Goalposts nalo limekuwa likiwafundisha wasichana wa kaunti hiyo kandanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vijiji ambavyo wengi hawakutarajia timu ya wasichana; mbio za magari nazo zinaweza kufunguliwa mlango vivyo hivyo. Vyuo vya ufundi na gereji za Malindi, Mariakani na Kaloleni zina vijana ambao tayari wanaijua sauti ya beringi. Waandaaji wa mbio wanaoleta magari Pwani wawachukue vijana hao katika timu zao za mafundi, wawalipe, na atakayeonyesha kipaji apewe usukani.