Namna ya Kumpima Shujaa wa Kike katika Mchoro wa Njozi

Mchoro wa mwanamke mwenye upanga, uwe wa jalada la kitabu au wa gemu, haupimwi kwa urefu wa nguo. Wapo waliochorwa nusu uchi wakasimama imara, na wapo waliofunikwa chuma utosi hadi kisigino wakabaki mapambo. La kuuliza ni hili: je, mchoraji amempa mwili na kazi kwa kanuni zile zile alizompa mwanamume aliye kando yake? Anzia chini, panda juu.

Nyayo. Uzito umeangukia mguu upi? Frank Frazetta, Mmarekani aliyeanza mwaka 1966 kuchora majalada ya vitabu vya Conan, shujaa wa hadithi za njozi, aliwavisha wanawake nguo haba, lakini nyonga zao zina nyama na wakikanyaga ardhi unaamini. Wengi waliomwiga walichukua ngozi wakaacha uzito.

Mgongo. Kifua na makalio vikikutazama kwa pamoja, ujue uti wa mgongo umesokotwa kama kamba. Simama uige mkao huo. Jim C. Hines, mwandishi wa hadithi za njozi, alifanya hivyo mwaka 2012 akapiga picha. Watu walicheka, na hoja ikaeleweka.

Deraya. Hapa ndipo fundi hutengana na mbabaishaji. Bamba la kifua lililotengenezwa vizuri limebinuka ili ncha ya silaha iteleze kando. Ukilichonga vikombe viwili vya matiti, bonde la katikati linaiongoza ncha hiyo moja kwa moja kwenye mfupa wa kifua. Tafuta pia mikanda na bawaba, na kitambaa kizito chini ya chuma, kwani chuma hakivaliwi juu ya ngozi tupu. Red Sonja, mpiganaji wa kike, alipoanza kuonekana katika vitabu vya Marvel mwaka 1973, alivaa shati la pete za chuma. Muda mfupi baadaye mchoraji Esteban Maroto akambunia bikini ya magamba ya chuma, na hiyo ndiyo iliyomng'ang'ania. Mtazame kisha Aloy wa Horizon Zero Dawn, gemu ya mwaka 2017: ngozi, manyoya na vipande vya mashine alivyovaa vinakueleza anaishi wapi na anawinda nini.

Mikono na macho. Mkono unaojua upanga huushika kwa kukaza, na kiwiko hujiandaa. Macho nayo yamfuate adui au joka. Yakimtafuta mtazamaji katikati ya vita, huyo anapigwa picha, hapigani.

Kazi yake. Mwondoe kwenye mchoro uone kisa kinapungukiwa na nini. Katika jalada la Conan the Adventurer, la Frazetta huyo huyo, mwanamke ameshikilia mguu wa shujaa: mwili umechorwa kwa ustadi, lakini nafasi yake ni ya nyara. Sifia mkono wa fundi, kisha useme wazi kasoro ya wazo lake.

Mbadilishe. Mwisho, mweke mwanamume katika mkao na vazi lile lile. Conan naye huvaa kipande cha ngozi kiunoni tu, ila husimama kama mtu aliye tayari kupiga. Ikiwa mwanamume uliyemweka anachekesha, mchoraji hakuwa akichora mpiganaji.