Waraka wa Kabgayi na Barua ya Gisenyi

Kazi ya mhakiki si kupima uzuri wa sentensi peke yake. Humpasa pia kuyapima maneno kwa yale yanayotenda baada ya kumtoka mwandishi. Katika makala haya tunakusudia kuyaweka katika mizani maandishi mawili ya Kikristo yaliyoandikwa Rwanda: moja ni waraka wa askofu, la pili ni barua fupi ya mwanamke. Mwalimu wa Kiswahili wa Rubona, kando ya Ziwa Kivu, anafundisha lugha ambayo tangu mwaka 2017 ni miongoni mwa lugha rasmi za nchi hiyo. Hana budi kuchagua maneno ya kuyasimulia mambo haya, na uchaguzi huo si jambo dogo.

Andiko la kwanza ni waraka wa Kwaresima wa tarehe 11 Februari 1959, ulioandikwa na Askofu André Perraudin wa Kabgayi, Mswisi wa shirika la Mapadre Weupe. Unajulikana kwa jina la Kilatini, Super omnia caritas, yaani upendo upite yote. Kwanza tuutendee haki. Dhuluma aliyoilaumu mwandishi ilikuwapo kweli: machifu walikuwa karibu wote Watutsi, na Wahutu walio wengi walifungiwa milango ya madaraka. Waraka ulikiri usawa wa watu mbele ya Mungu, na ulikataza chuki.

Kasoro iko wapi, basi? Iko katika neno moja. Waraka unadai kwamba Rwanda mna mbari kadhaa za watu, na kwamba tofauti za mali na madaraka kwa sehemu kubwa zimefungamana na tofauti za mbari hizo. Dhana hiyo haikuzaliwa Rwanda. Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu kilichoeneza madai kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walikuwa watu wa asili nyingine, waliotoka nje. Wabelgiji wakajenga utawala wao juu ya madai hayo: wakawaondoa machifu wa Kihutu waliosalia, na katika miaka ya 1930 wakaandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa katika kitambulisho cha kila mtu. Askofu Léon Classe, aliyelitangulia jimbo hilo hilo la Perraudin, aliwahimiza wakoloni wawategemee machifu wa Kitutsi.

Waraka wa 1959 unaiita hali hiyo urithi wa zamani ambao si kazi yake kuuhukumu. Hapo ndipo tunapokosana na mwandishi. Mganga anayekataa kuuliza ugonjwa ulianzaje hawezi kuuponya, hasa ikiwa nyumba yake mwenyewe ilichangia kuuleta. Tena jina la waraka limechotwa katika Waraka kwa Wakolosai, sura ya 3, aya ya 14. Msomaji akirudi nyuma aya tatu tu, atamkuta Paulo akifuta mipaka ya Myahudi na Myunani, mtumwa na mtu huru. Mwandishi aliuchukua upendo wa aya ya 14, lakini akaisimamisha tena mipaka ambayo aya ya 11 ilikwisha kuibomoa.

Wala tusidhani kwamba hapakuwa na sauti nyingine. Huko Nyundo, karibu na Gisenyi, alikuwapo Askofu Aloys Bigirumwami, aliyewekwa wakfu mwaka 1952, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji. Yeye ndiye aliyemweka wakfu Perraudin mwaka 1956. Mwaka 1958 aliandika makala akihoji ni kwa kipimo gani Mhutu na Mtutsi hutambulikana. Swali lake lilikuwa na msingi: watu wote hao husema Kinyarwanda, na koo kama Abasinga na Abagesera zina Wahutu, Watutsi na Watwa pamoja.

Novemba 1959 machafuko yalizuka, na maelfu ya Watutsi wakakimbia nchi. Hatusemi kwamba waraka ndio uliowasha moto huo. Sababu zake zilikuwa nyingi. Twasema tu kwamba uliipa baraka za madhabahu lugha ambayo wengine waliitumia vibaya.

Andiko la pili ni la Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Félicité Niyitegeka, Mhutu, alikuwa msimamizi wa kituo cha Mtakatifu Petro mjini Gisenyi. Aliwaficha watu na kuwavusha mpaka kuingia Kongo. Ndugu yake, ofisa wa jeshi, alipomtaka ajiokoe, alimjibu kwa barua fupi: asingewaacha watu 43 waliokuwa chini ya dhamana yake. Tarehe 21 Aprili aliuawa pamoja nao. Leo Rwanda inamhesabu miongoni mwa mashujaa wake.

Barua hiyo inawahesabu watu, wala haiwapangi kwa mbari. Haielezi upendo ni nini. Inataja idadi ya watu na uamuzi wa mwandishi, basi. Hata hivyo tusiitumie kulisafisha Kanisa. Huko Nyundo mapadre na wakimbizi waliuawa mwezi huo huo, na padre wa Nyange, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya Arusha mwaka 2008. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo tunaona uponyaji ulianza kupata njia pale maaskofu wa Rwanda walipoomba radhi Novemba 2016, na Papa Francis naye Machi 2017. Injili ya Mathayo humwamuru mtoa sadaka aiache madhabahuni, akapatane kwanza na ndugu yake.

Nasi walimu tunayo sehemu yetu. Vitabu vyetu vingi huandika kwamba Wahutu na Watutsi ni makabila. Neno hilo laleta picha ya watu wenye lugha na nchi mbalimbali, picha isiyo ya kweli. Yafaa mwalimu asiliache lipite bila kuuliza, kama alivyouliza Bigirumwami: ni kwa kipimo gani? Swali hilo likizoeleka darasani, mwanafunzi atajifunza kuyakagua maneno kabla hajawaita wenzake kwayo.