Hedi Ilipasuka, Bloki Ikahukumiwa

Injini ile haikufaa kutolewa. Sote tuliosimama gereji pale Migori tuliiona hedi ya injini ya 2L ikiinuliwa, tukauona ufa kati ya vali mbili za silinda ya tatu, na kabla fundi hajafuta mikono mwenye Hilux akasema, "Ng'oa yote, nimepata nyingine." Fundi akajaribu: "Mzee, bloki iko sawa. Ni hedi tu." Akajibiwa kwamba gari la samaki halilali gereji.

Narudi kwenye dakika hiyo kwa sababu ndipo kazi yote ilipoharibikia. Niliipangusa silinda ya pili kwa kitambaa. Mistari ya mshazari iliyochorwa kiwandani ilikuwa bado imepishana kama msuko wa ukili. Nikapitisha ukucha juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, haukukwama. Gari ni la zamani, ndiyo, lakini ukuta wenye mistari hiyo bado unashika oili. Silinda ya 2L ikiwa mpya ni milimita 92, na geji ya kuonyesha imelika kiasi gani ilikuwa kwenye droo, hatua tatu kutoka tulipo. Haikutolewa. Hakuna aliyelaza rula ya chuma juu ya bloki kuona kama joto limeipinda. Hakuna aliyefungua hata beringi moja ya konrodi. Hukumu ilitolewa na moshi, na moshi wenyewe ulikuwa mweupe, wa maji, si ule wa buluu wa injini inayokula oili.

Hedi za 2L hupasuka, si habari. Hupasuka kwa joto, na joto la gari hili tunajua linatoka wapi. Linapakia mbuta na barafu Mbita, linapita Homa Bay, linaanza kupanda kwenda Rodi Kopany na Rongo jua likiwa utosini, na ndani ya radieta ni maji ya ziwa matupu, bila kulanti. Kutu na tope vimejazana kwenye mirija. Tena themostati ilishatupwa zamani. Nimeilalamikia tabia hii mara nyingi na sitaacha: pale ambapo themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato, ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kufika kwenye radieta. Fundi anayeitoa ili injini "ipate baridi" anaipika.

Sasa imefungwa injini ya mtumba, 3L, silinda za milimita 96, cc 2779 badala ya 2446. Ufungaji ni safi, sina neno. Lakini radieta ni ileile! Injini kubwa ikikaza mlima hutoa joto zaidi, nayo imepewa radieta ambayo hata ile ndogo iliishinda. Na hii 3L nani anaijua? Ilishuka kwenye kontena Mombasa bila historia, ikapakwa rangi ya fedha, ikabandikwa stika kwamba ukifungua dhamana imekwisha. Tumekataa silinda tuliyoiona kwa macho, tukanunua nne tulizokatazwa kuziona.

Mwenye gari ana hoja moja. Kuchonga silinda na krenki maana yake ni kupeleka bloki Kisumu, na kila siku ya kusubiri ni siku bila shehena. Kwa bloki iliyotobolewa na konrodi, ningemuunga mkono. Hapa hapakuonekana cha kuchonga. Hedi, gasketi, ringi, beringi, radieta, basi.

Wazee waliozifunga Peugeot 504 wasingefanya hivi. Slivu zake zilikuwa za kuogelea majini, kwa hiyo fundi alishusha sampu, akatoa pistoni na slivu bloki ikiwa palepale garini, akarudisha seti mpya. Lakini alipima kwanza. Joginder Singh, aliyekuwa fundi kabla hajawa bingwa, alishinda mbio za magari za Safari za 1965 pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Gari kuukuu mikononi mwa mtu anayelijua kwa ndani. Bloki yetu ilipakiwa kwenye mkokoteni wa chuma chakavu jioni ileile, silinda ya pili bado inang'aa pale nilipoipangusa.

Mzee, 3L yako bado haijapanda Rodi Kopany na mzigo. Nambari yake iandikishe NTSA, maana logbuku yako inataja injini nyingine. Kisha, kabla ya kwenda Mbita, toa radieta, isimamishe, mimina maji juu. Yakitoka chini polepole kuliko unavyomimina, usipakie. Ipeleke ikafunguliwe mirija, na urudishe themostati.