Majengo ya Arusha na Namna Tunavyoyasoma

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari, aliniomba nimsaidie kusahihisha insha za vijana wake wa kidato cha tatu. Mada aliyowapa ilikuwa fupi: "Majengo mashuhuri ya kihistoria." Vijana waliandika kwa Kiswahili cha kupendeza juu ya mnara wa Eiffel wa Paris, juu ya piramidi za Misri, juu ya Taj Mahal ya India. Wale waliokumbuka nyumbani walitaja Beit al-Ajaib ya Unguja, magofu ya Kilwa, na Boma la Mjerumani lililo hapa Arusha. Kila mmoja alieleza unene wa kuta, rangi yake na mwaka wa kujengwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani aliyebeba mawe.

Nilipozirudisha insha zile nilimwambia mwalimu kwamba kosa si la watoto. Sisi wakubwa ndio tuliowafundisha kulitazama jengo kama mtu atazamavyo picha katika kalenda. Shairi hatulifundishi hivyo. Mwanafunzi akiniambia kwamba shairi lina beti saba, kila mshororo una mizani kumi na sita, na vina vyake ni "-ani" na "-ema", kisha akanyamaza, nitamwambia amehesabu, bado hajasoma. Mji huu una uwanja wa michezo wenye jina la Sheikh Kaluta Amri Abeid, ambaye alitutungia kitabu cha sheria za mashairi. Mtu aliyezitunga sheria zile alijua kwamba vina na mizani ni mlango tu wa kuingilia. Basi na tuingie katika majengo yetu machache, tuone kilichomo.

Tuanze na hilo Boma, maana ndilo lililopata alama nyingi katika insha zile. Mgeni aingiaje mara ya kwanza hulipenda. Kuta ni nyeupe na nene, ua wake umetulia, na nyuma yake Mlima Meru husimama wazi asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Wajerumani walilijenga mwaka 1900, na waliotumikishwa kulijenga ni Waarusha na Wameru, watu walewale waliokuwa wametoka kupigwa vita. Ugomvi ulikuwa umeanza tangu mwaka 1896, wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, walipouawa upande wa Meru, na Kapteni Johannes akaja na askari wake kulipiza kisasi, akachoma nyumba na kuswaga mifugo. Halafu, tarehe 2 Machi 1900, pale Moshi ya Kale, wakanyongwa viongozi kumi na tisa kwa siku moja. Miongoni mwao walikuwamo Mangi Meli wa Moshi, Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Lobulu wa Meru. Boma la Arusha ni la mwaka uleule. Mtu akiyajua haya, weupe wa kuta zile hauwi tena rangi tu.

Kwa miaka mingi Boma lilikuwa mahali pa jeshi na pa utawala. Tangu mwaka 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Sina ugomvi na elimu viumbe. Mtoto wa Arusha anapaswa kujua habari za nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka kama milioni tatu na laki sita, zilizogunduliwa mwaka 1978 katika mkoa wake mwenyewe. Lakini nimekwisha kuingia mle na makundi ya wanafunzi mara kadhaa, na kila mara nimeona jambo moja. Watoto husimama kwa heshima mbele ya fuvu la zamadamu wa kale, wakaandika jina lake katika daftari, kisha wakatoka. Fuvu la Mangi Lobulu hakuna anayeliulizia. Mabaki ya Lobulu yalichukuliwa yakapelekwa ng'ambo kama vitu vya utafiti, na hadi miaka hii ya karibuni jamaa zake wamekuwa wakiyatafuta Ujerumani na Marekani ili wayazike. Naona nyumba ile inafundisha asili ya binadamu kwa miaka milioni, huku wenye kuijenga, ambao hata miaka mia mbili haijapita, hawapewi nafasi ya kutosha. Picha na maelezo ya enzi ya Wajerumani yamewahi kuonyeshwa humo, nami nasifu. Ninachodai ni kwamba habari hizo ndizo ziwe mlango, si chumba cha pembeni.

Niliwahi kupelekwa Berlin kwa safari ya kikazi, na huko nilipata somo ambalo sikulitazamia. Katikati ya mji lipo kanisa la Kaiser Wilhelm. Mabomu yaliliharibu mwaka 1943. Msanifu alitaka kuuondoa mnara uliobaki umevunjika kichwa, wenyeji wakapinga, ukaachwa vilevile, na kando yake likajengwa kanisa jipya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Anayepita huona jeraha. Nikasema moyoni, hawa wanajua kulifanya jengo liungame. Lakini hatua chache kutoka hapo kwa gari nikaonyeshwa kitu kingine. Palikuwa na kasri la wafalme, serikali ya kisoshalisti ikalibomoa mwaka 1950, ikajenga hapo Jumba la Jamhuri lililofunguliwa mwaka 1976. Ujerumani ilipoungana, jumba hilo nalo likabomolewa, kazi ikamalizika mwaka 2008, na mahali pake wakajenga upya kasri la wafalme, sura ileile ya zamani kwa pande tatu. Ndani wameweka vitu vya mataifa ya mbali, vya Afrika vikiwamo. Kwa hiyo taifa lile lile liliacha jeraha lake moja wazi na kulishona jingine kwa uzi wa dhahabu. Nilipokuwa nikitembea katika kumbi zile nililikumbuka Boma letu, nikaona kwamba nyumba hizi mbili ni vyumba viwili vya jengo moja: huku ndiko vilikotoka, kule ndiko vilikofikia.

Kuhusu Mnara wa Saa sitasema mengi. Wageni huambiwa kwamba umesimama katikati kabisa ya safari ya kutoka Cape Town hadi Kairo, nao hupiga picha wakafurahi. Lakini safari hiyo ni ya nani? Barabara ya kutoka Rasi hadi Kairo ilikuwa ndoto ya akina Cecil Rhodes, waliotaka bara zima lipakwe rangi moja kwenye ramani yao. Mama atokaye Tengeru na ndizi zake kwenda soko la Kilombero hajapata kuwa katikati ya Cape Town na Kairo. Yeye yuko katikati ya shamba lake na wateja wake. Mnara wenyewe, kwa ufundi, ni mdogo na wa kawaida, na kwa miaka mingi umevishwa matangazo ya soda. Nadhani ndio maana watu huupenda. Hautishi.

Sasa twende Kaloleni. Hapo lipo jengo ambalo hakuna kijana hata mmoja aliyeliandika, nami nilisikitika. Ni ukumbi wa chini, wa ustawi wa jamii, ambao mtu angeweza kuupita akidhani ni ghala au darasa. Humo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, chini ya uenyekiti wa Mwalimu Julius Nyerere, ikapitisha Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari. Mwaka 1977 ukumbi ukafanywa makumbusho, na jirani yake umesimama mnara wenye Mwenge.

Kwa macho ya msanifu, jengo hili halina cha kujivunia. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Walioandika kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha wala mishahara miwili walikaa chini ya paa ambalo kata yoyote ingeweza kulijenga. Umbo na maneno yalilingana. Shairi likisemapo unyenyekevu kwa maneno ya majivuno huwa limejisuta. Ukumbi ule haukujisuta. Najua kwamba Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilizilegeza sheria zile za uongozi, na kwamba kijana wa leo hujiuliza kwa nini mzee wake anasimama kimya mbele ya nyumba fupi namna ile. Ndiyo sababu ukumbi usiachwe uwe kabati la picha. Nilipokuwa huko Berlin nikiwaza jumba lililobomolewa kwa kuwa siasa yake ilishindwa, nilishukuru kwamba sisi hatukubomoa. Lakini kutobomoa ni nusu ya kazi. Mwalimu awakalishe vijana mle ndani, awape masharti ya uongozi ya mwaka 1967, awaambie wajadiliane kama yanafaa au hayafai, na wapige kura. Wakiyakataa, wayakatae wakiwa wameyasoma.

Jengo kubwa kuliko yote ya zama zile ni Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, chenye mabawa matatu yaliyopewa majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Kilijengwa kiwe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, nyumba ikabaki bila mwenyewe, na mwaka uliofuata ikapewa kazi ya kupokea mikutano. Kwa umbo ni saruji na madirisha, kama majumba mengi ya wakati huo duniani. Jua la mchana hulipiga bila huruma, na mti hauna nafasi. Hata hivyo historia ililipa jengo hili kazi nzito kuliko ile lililokusudiwa. Mahakama ya Umoja wa Mataifa juu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa humo hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Watu 93 walishtakiwa. Humo, tarehe 2 Septemba 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya, alitiwa hatiani, na ikawa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa hilo. Mabawa yale yamesikia mashahidi wakieleza mambo ambayo kalamu yangu haiwezi kuyabeba. Jumuiya yenyewe ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ikajijengea nyumba nyingine. Wanafunzi wangu wa insha waliliita jengo hili "la kisasa", kwa hiyo wakaona si la kihistoria. Wengi wao walizaliwa kesi zikiendelea, mwendo wa dakika chache kutoka shuleni kwao.

Nimebakiza nyumba ambazo hazipo. Mmeru na Mwarusha wa zamani walijenga msonge kwa miti, fito na majani, ng'ombe wakalala ndani na watu, moshi ukapita katikati ya mapaa ukaua wadudu. Nyumba hiyo haikukusudiwa kudumu miaka mia. Iliezuliwa ikaezekwa upya, na aliyeezeka alijifunza kwa baba yake, kama utenzi unavyohifadhiwa kwa kughaniwa. Tukisema kwamba jengo la kihistoria ni lazima liwe la jiwe, tumekwisha kuamua kwamba watu hawa hawakuwa na majengo, na hiyo ni kasumba iliyotuingia pamoja na hilo jiwe.

Novemba 1951 serikali ya Waingereza, ikifuata mapendekezo ya Tume ya Wilson, iliwahamisha kwa nguvu Wameru wa Engare Nanyuki, watu kama 3,000, ili nchi yao iwe ya walowezi wafugao ng'ombe wa maziwa na wa nyama. Nyumba zao zilitiwa moto. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, akasema habari za nyumba hizo. Makao yale ya New York, yenye lile ghorofa la vioo ambalo dunia nzima inalijua kwa picha, ndiyo kwanza yalikuwa yakikamilishwa mwaka huo. Mtu kutoka kwenye majivu ya misonge aliingia katika nyumba mpya kabisa ya mataifa, rangi yake haijazoeleka na macho, akadai ardhi ya mlimani. Ardhi hakuipata siku ile. Lakini Watanganyika walisikia kwamba mwenzao amesema huko, na miaka miwili baadaye TANU ikazaliwa.

Kama ningepewa mimi kuipanga safari ya kimasomo ya kidato cha tatu, basi lisingeishia Bomani. Lingepanda kwa kuzunguka mlima hadi Engare Nanyuki, ambako hakuna ukuta mweupe wa kupigia picha, na vijana wangeshuka wakiwa na daftari zao. Mwalimu rafiki yangu aliniuliza, sasa watachora nini huko? Nikamwambia wamtafute mzee, awaonyeshe nyumba ya nani ilikuwa wapi, nao waziweke alama, moja moja, kwenye karatasi.