Wimbo Nilioutunga Ulikuwa wa Tetris

Mwaka jana niliwafundisha watoto wa kwaya yetu hapa Kinanira wimbo wa kuhesabu: moja mpaka kumi kwa Kiswahili, halafu kwa Kirundi, halafu kwa Kifaransa. Maneno nilitunga mimi. Sauti pia nilidhani nimeitunga mimi. Ilinijia nikifua nguo, nikairudia mpaka ikakaa. Siku ya tatu ya mazoezi kijana mmoja, ambaye shule ikifungwa anashinda kwenye chumba cha gemu, akaanza kucheka.

"Mwalimu, hiyo mwimbo si ni ya Tetris?"

Nikamwambia aache utani. Akatoa simu, akaufungua mchezo, akatusikilizisha. Kweli kabisa! Mwanzo wa wimbo wangu ulikuwa uleule.

Usiku nikakumbuka. Uvira, nikiwa mtoto, jirani yetu alikuwa na kamashine ka plastiki ka kupanga matofali, na kalikuwa kanalia wimbo huo. Miaka ikapita, nikavuka Gatumba na begi moja, na sauti ile nilikuwa nimeibeba bila kujua.

Niliona aibu. Lakini aibu hiyo ndiyo ilinifanya nitafute: muziki wa gemu unatoka wapi, na nani anaruhusiwa kukopa kwa nani?

Tetris ilibuniwa Moscow katikati ya miaka ya 1980 na Mrusi, Alexey Pajitnov. Wimbo si wake. Nintendo walipoutoa mchezo huo kwenye Game Boy mwaka 1989, Mjapani Hirokazu Tanaka alichukua "Korobeiniki", wimbo wa watu wa Urusi kuhusu mchuuzi na msichana, ambao maneno yake yalitoka katika shairi la Nikolai Nekrasov la mwaka 1861. Kwenye mchezo huohuo, ukichagua muziki wa tatu, unamsikia Bach.

Kwa nini wakope? Game Boy ilikuwa na njia nne tu za sauti, na moja kati yake ilitoa kelele tu, ya kuigizia ngoma. Ukiwa na umaskini wa namna hiyo, unahitaji sauti ambayo haitegemei orkestra, sauti ambayo watu wameimba mdomoni bila chombo na ikaishi. "Korobeiniki" ni sauti ya namna hiyo. Tena inazunguka na kurudi pale ilipoanzia, kama mchezo wenyewe ambao matofali yake hayaishi kushuka. Mi nasema huo ni mkopo mzuri: wimbo wa zamani umepewa kazi mpya, na kazi inauenea.

Mfano wa pili. Mwaka 1986 Koji Kondo alikuwa anatengeneza muziki wa The Legend of Zelda. Pale mwanzoni mwa mchezo alitaka kuweka "Boléro" ya Mfaransa Maurice Ravel. Mwishoni kabisa wakagundua kwamba haki za Ravel hazijaisha, ingawa alikuwa amefariki tangu 1937. Basi Kondo akakaa usiku mmoja akatunga wimbo wake, na ndio huo ambao wachezaji wa dunia nzima wanaujua leo. Sheria ilimkatalia, naye akatunga kitu bora zaidi kwa ajili ya mchezo ule.

Lakini angalia: marehemu Mfaransa alilindwa karibu miaka 50 baada ya kufa. Sasa tuje hapahapa tunapoishi.

Mwaka 1967 watafiti kutoka Ufaransa walirekodi wapiga ngoma wa Burundi. Mwaka 1971 mwanamuziki wa Ufaransa akachukua rekodi ile, akaongeza gitaa na kinanda, akaitoa kwa jina "Burundi Black", ikauzwa Ulaya. Mwaka 1975 Joni Mitchell akaitumia rekodi hiyo ya ngoma katika "The Jungle Line". Baadaye kidogo, Adam and the Ants wa Uingereza walijenga midundo yao kwa kufuata ngoma hizo. Kama muziki, mimi sikatai: "The Jungle Line" ni kazi ya ajabu, ngoma zinatangulia na sauti ya mwimbaji inazifuata kwa woga. Lakini kwenye "Burundi Black" mtungaji aliyeandikwa si mmoja wa wale waliopiga. Majina ya wapigaji hayapo. Nchi nzima imewekwa mahali pa majina yao. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ni heshima, lakini wale wa 1967 bado hawana majina.

Nilikuwa nawaza hayo wakati mfanyakazi mmoja wa shirika, dada mwenye moyo mzuri, alipotuletea wimbo wa kuimba tarehe 20 Juni, siku ya wakimbizi duniani. Kwenye karatasi ya programu alikuwa ameshaandika: "wimbo wa asili wa Kiafrika". Wimbo wenyewe ni "Baba Yetu".

Si wa asili. Ni wimbo wa gemu. Mmarekani Christopher Tin aliutunga kwa ajili ya Civilization IV, iliyotoka mwaka 2005, na waimbaji wa kwanza walikuwa kwaya ya wanafunzi wa Stanford. Baadaye aliurekodi tena na Soweto Gospel Choir, na mwaka 2011 ukapata Grammy, wimbo wa kwanza wa gemu kuipata. Maneno ni ya sala ya Bwana, kwa Kiswahili chetu.

Mi naupenda. Unapanda taratibu mpaka kifua kinajaa. Lakini msemaji wa Kiswahili anasikia mambo mengine. Neno "yetu" linarudiwa pale ambapo mtu anayesali asingelirudia, na "uliye" linabaki linaning'inia. Amina inafika kabla sala haijaenda mbali. Mama mmoja wa kwaya akauliza, "Mwanangu, hawa wana haraka ya kwenda wapi?" Halafu unasikika wakati dunia inazunguka kwenye kioo kabla mchezo haujaanza, kana kwamba Kiswahili ni sauti ya zamani za kale. Kumbe ni lugha ya soko, ya meseji, ya foleni ya kujiandikisha.

Hata hivyo Tin hakuiba. Aliandika jina lake na la waimbaji wake, na sala ni ya kila anayesali. Kosa lilikuwa kwenye karatasi yetu. Ukiandika "asili" juu ya wimbo wa 2005, unamfuta mtunzi, na sisi tunaouimba unatufanya watu wa makumbusho.

Nilimweleza dada yule. Akasema, "Samahani, nilidhani ni wenu." Nikamjibu, "Na mimi nilidhani wa Tetris ni wangu." Tukacheka wote wawili, tukaiandika karatasi upya. "Baba Yetu" ukapata jina la Tin. Wimbo wa kuhesabu ukaandikwa: sauti ya watu wa Urusi, kupitia Tetris, maneno ya mwalimu wa kwaya.

Yakabaki majina ya waimbaji. Yeye alikuwa ameyaacha kwa ajili ya usalama, na ana haki. Kati yetu wapo wanaotafutwa. Lakini hakuna aliyekuwa ameulizwa. Tukauliza nyumba kwa nyumba. Wengine walikataa, tukaheshimu. Vijana wawili wanaotupigia ngoma walitaka waandikwe, majina yote matatu, na mmoja alirudi jioni kuhakikisha kama herufi ziko sawa.