Mashine ya Kunyoosha Sauti na Waimbaji wa Bayati

Studio imehama. Vyombo ambavyo zamani vilijaza chumba kizima cha redio, chenye fundi wake, kiyoyozi chake na mlango wake mzito, leo vinakaa juu ya meza moja ya chumba cha kulala: kompyuta, kisanduku kidogo cha kuingizia sauti, kipaza sauti kimoja na vifaa vya masikioni. Kwa waimbaji wa visiwani na mwambao hii ni neema, tena kubwa. Siti binti Saad alilazimika kuvuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 ndipo sauti yake ikaingia katika sahani ya santuri. Mwanafunzi wake wa leo aweza kurekodi baada ya kwisha kuosha vyombo vya futari. Anayeyalaumu mabadiliko haya na aulizwe ni akina nani waliokuwa wakiachwa nje ya mlango ule.

Vyombo vyenyewe havina mengi ya kujadiliwa. Kipaza sauti cha dainamiki, kile kigumu cha jukwaani, husikia kilicho karibu na mdomo na kuyapuuza mengine. Kile cha kondensa husikia kila kitu, pamoja na kunguru wa Unguja, na kunguru hao hawana adabu ya kungoja ubeti uishe. Mwenye nyumba ya bati na achague cha kwanza. Suala zito limo ndani ya kompyuta, katika zile programu-jalizi, yaani programu ndogo zinazochomekwa ndani ya programu kubwa ya kurekodia ili kuitia sauti mwangwi, kuipunguza ukali au kuinyoosha. Hii ya kunyoosha ndiyo inayostahiki kuhakikiwa, kwani ndiyo inayodai kujua mwimbaji alikusudia noti gani.

Ya kwanza kupata umaarufu ni Auto-Tune, iliyotolewa mwaka 1997 na kampuni ya Antares ya Marekani. Mbunifu wake, Andy Hildebrand, alikuwa mtaalamu wa kutafuta mafuta kwa kupima mawimbi yanayopelekwa ardhini na kurudi kutoka miambani. Hesabu za aina hiyo akazielekeza kwenye koo la binadamu. Mwaka uliofuata ulimwengu ukaisikia katika wimbo "Believe" wa Cher, na watayarishaji wake walipoulizwa siri ya sauti ile wakataja chombo kingine. Siri haikudumu.

Kazi yake ni nyepesi kueleza. Programu huipima sauti inayoingia, huitafuta noti iliyo karibu nayo, kisha huisukuma sauti hadi hapo. Upo ufunguo wa kasi. Kasi ikiwa ndogo, msikilizaji hatambui kitu; ikisogezwa hadi mwisho, sauti huruka kutoka noti hadi noti kama mtu anayeparamia ngazi, nao ndio ule mlio wa bati uliozagaa kila pahala. Wahakiki wengi wameushambulia mlio huo, na wamekosea shabaha. Usanii unaojitangaza haumdanganyi mtu. Mwandishi na mpiga muziki wa Kimarekani, Jace Clayton, aliandika mwaka 2009 jinsi waimbaji wa Kiberberi wa Maghribi walivyoupokea kwa mahaba, wakaufanya pambo la sauti miongoni mwa mapambo yao. Udanganyifu, kama upo, umo katika ule unyooshaji usiosikika.

Kwani noti "iliyo karibu" ni ipi? Isipoamrishwa vingine, programu huzijua noti kumi na mbili tu, zile za piano, zilizogawanywa sawasawa katika kila oktava. Hapo ndipo mwimbaji wa taarabu asilia anapoingia matatani. Chukua maqamu ya Bayati inayoanzia re. Hatua yake ya pili, iitwayo Sika, si mi kamili, wala si mi iliyoshushwa nusu toni. Imo baina ya hizo mbili, na hapo baina ndipo penye uchungu wote wa Bayati. Mashine haipajui. Ikiivuta sauti juu, maqamu hugeuka Nahawandi. Ikiivuta chini, hugeuka Kurdi. Mara nyingi haiamui, bali huiyumbisha sauti huku na huko ndani ya silabi moja, na mtayarishaji kijana aliye mbele ya kioo humwambia bibi aliyeimba miaka arubaini kwamba ameyumba.

Washairi watalitambua jambo hili upesi, maana limewahi kuwafika. Mshairi wa Kiamu anayetia "mato" mwishoni mwa kipande ili yapatane na "moto" na "kito", akiangukia mikononi mwa mhariri mwenye bidii, hukuta mato yake yamekuwa "macho". Mizani imesalimika, silabi ni zile zile mbili. Kina kimekufa. Mhariri hakukusudia ubaya. Aliangalia kamusi yake, akaliona neno lililo karibu, akalisogeza. Lahaja iliyoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928 ilikuwa Kiunguja, na kwa hiyo msomaji wa Unguja huenda asihisi kidonda hicho kama anavyokihisi mwenzake wa Lamu au Mombasa. Kwa Auto-Tune zamu imemfikia na yeye.

Hata hivyo haifai kuitupia programu lawama zote. Auto-Tune yenyewe katika matoleo yake ya zamani ilibeba orodha ndefu ya ngazi za muziki, zikiwemo za Kiarabu na ile ya kuigawa oktava sehemu 24. Nani aliifungua orodha hiyo? Ni kweli pia kwamba taarabu ya kisasa, ile ya vinanda vya umeme, iliacha robo sauti nyingi kwa hiari yake kabla kompyuta hazijaingia vyumbani, na wapenzi wake hawakosi. Msanii aliyeamua kuiacha Sika ana haki yake. Tofauti ni kuwa huyu ameamua, na yule wa kwanza ameamuliwa.

Wapo walioona dosari hii wakajaribu kuitengeneza. Clayton huyo huyo na wenzake walitoa mwaka 2012 mkusanyo uitwao Sufi Plug Ins, wenye ala za kompyuta zilizofungwa kwenye maqamu za Kiarabu na maelezo kwa herufi za Tifinagh. Mna hata kifaa kinachopunguza sauti ya kompyuta mara tano kwa siku wakati wa adhana. Kuna mzaha humo, lakini ni mzaha wenye kauli: kila programu ina kwao, hata ile inayojifanya haina. Mwaka 2021 mpiga udi Khyam Allami, mzaliwa wa Damascus mwenye asili ya Iraq, alitoa pamoja na wenziwe Leimma na Apotome, zana za bure za kutunga na kusikiliza ngazi za muziki za aina yoyote. Na mwaka 2024 programu kubwa ya Ableton Live, katika toleo lake la 12, ikafungua mlango kwa mifumo isiyo ya noti kumi na mbili. Haya yote ni ya kushukuriwa, ila yamesaidia zaidi vinanda kuliko makoo.

Iliyolikaribia koo ni Melodyne ya Ujerumani, iliyoanza kuuzwa mwaka 2001. Matoleo yake makubwa yanaweza kuisikiliza rekodi ya zamani, kuidondoa ngazi iliyoimbwa humo, na kuifanya kuwa kipimo. Yaani kinadharia santuri ya mwaka 1928 yaweza kuwa mwalimu wa mashine. Fikra hiyo inavutia mno, na wenye studio za Mji Mkongwe wangefanya vyema kuijaribu kabla ya kununua kipaza sauti kingine cha ghali.

Lakini hata hapo mambo hayakwishi. Wanamuziki waliokutana Cairo mwaka 1932 walibishana juu ya kuigawa oktava sehemu 24 zilizo sawa, wasiafikiane, kwa sababu Sika haina makao mamoja: katika Rasti huimbwa juu kidogo, katika Bayati hushuka. Kipimo kilichodondolewa kutoka wimbo mmoja kitaukosea wimbo wa pili, na mwimbaji anayetoka Rasti kuingia Bayati ndani ya ubeti mmoja atahitaji vipimo viwili na mtu wa kujua ni silabi ipi ya kuvibadilishia. Mtu huyo awe ameisikia Bayati vya kutosha. Na vijana huijua kwa kusikiliza rekodi, ambazo sasa nyingi hutoka kwenye meza ile ile ya chumba cha kulala. Kwa sasa, basi, mwenye studio aizime programu kila penye Sika, na noti iliyokosewa kweli iimbwe upya.